Jiwe la Kushikia Mlango

“Nakuuliza swali moja tu: miguu ya baba yangu iko wapi?”

“Mama, imemezwa na wingu. Ndiyo maana yenyewe hiyo.”

“Wingu gani linaanzia magotini? Mtu alikuja kupigwa picha mzima, ana miguu miwili na suruali iliyopigwa pasi, wewe umemkata kama samaki wa kukaanga!”

“Sikumkata vibaya.”

“Umemkata vizuri, nimeona. Mkono wako mwepesi. Ila picha ilikuwa moja tu, dunia nzima.”

Ugomvi ulikuwa umefikisha nusu saa na haujaonyesha dalili ya kuchoka. Mama alikuwa ametoka zamu asubuhi hiyo na hajavua sare. Beji ya kupimia mionzi ilikuwa bado inaning’inia kifuani, ikirukaruka kila alipoinua mkono. Kitinda, bintiye wa mwisho, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo cha sanaa, alikuwa amesimama mbele ya ubao wake amenyoosha mikono kama golikipa. Bibi, mama yake Mama, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote akichambua mchele na kufuatilia ugomvi kama mechi. Baba, mumewe Mama, alikuwa bafuni. Aliingia kelele zilipoanza, na mpaka sasa hakuna aliyesikia hata tone la maji.

Mama alikuwa mpiga picha za eksirei. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amewaambia watu maneno yale yale: vuta pumzi, shikilia, usitikisike, haya pumua. Mtaa mzima ukamwita Vutapumzi, na wapo waliokuwa wakikutana naye sokoni wakajikuta wametunisha vifua bila kuagizwa. Hakuwa mtu wa maneno ya kuzunguka. Sindano ikiwa inauma, alikuambia inauma.

Na picha iliyokatwa ilikuwa ya siku aliyopokea stashahada yake. Watu ishirini na watatu mbele ya nyumba hii hii, yeye katikati na joho la kuazima, baba yake ubavuni. Mpiga picha alihama mji na vitu vyake vyote, filamu ya picha hiyo ikiwemo. Baba yake hakupenda kamera. Ukiondoa ile ya kitambulisho, ambayo alitoka kama mtu anayetafutwa, hakuwa na picha nyingine.

“Kwa nini hukutoa kopi?” Mama aliuliza kwa mara ya tano.

“Kopi si picha, Mama. Mwalimu anasema mkato lazima uume.”

“Umeuma. Mwambie umeuma.”

Bibi alicheka mpaka mchele ukamwagika.

Sasa ubao wenyewe. Ulikuwa wa plaiwudi, upana wake kama kitanda cha mtoto, na ulikuwa umeegemezwa kwenye kabati la vyombo. Chini walisimama ndugu wote ishirini na watatu, wamekatwa mmoja mmoja kwa wembe, wanatabasamu vile vile walivyotabasamu siku ile. Nyuma yao lilipanda wingu la bomu la nyuklia, lile lenye umbo la uyoga, ila halikuwa la moshi. Lilikuwa la picha za eksirei: mbavu juu ya mbavu, viganja, magoti, mafuvu mawili, na shina lake lote uti wa mgongo. Katikati ya mifupa Kitinda alikuwa amebandika vipande vya magazeti: mashine ya kutibia saratani, balbu zinazowaka, saa ya mkononi yenye namba za kung’aa, mtoto anakimbia. Ukiangalia vizuri hukujua uogope au ushukuru. Hilo Mama alilikubali moyoni, ila hakuwa tayari kulisema.

Eksirei zenyewe alizileta nyumbani Mama mwenyewe, zamani, hospitali ilipoingiza mashine mpya zisizotumia filamu na kuamua kutupa za zamani. Alizikata majina yote, akazifanya vioo vya madirisha ya banda la kuku. Kuku wa nyumba hii walikuwa wamelala miaka mingi chini ya mbavu za watu wasiowajua. Tangu Kitinda abandue filamu zile, banda lilikuwa linaingiza jua la saa moja asubuhi, na jogoo alikuwa amepoteza ratiba.

“Gari la maonyesho linakuja saa tano,” Kitinda alisema, sauti imeanza kukatika. “Tumechaguliwa wanne tu chuo kizima. Nisipopeleka leo, nafasi anapewa mwingine. Unataka nibandue watu wote?”

“Nataka umbandue mmoja.”

“Babu ndiye katikati! Nikimtoa Babu pamebaki nini?”

“Pamebaki ndugu ishirini na wawili na mifupa. Hawatoshi?”

Simu ya Kitinda ililia mezani. Alikuwa ametuma picha ya ubao kwenye kundi la familia usiku uliopita, na tangu alfajiri malalamiko yalikuwa yanaingia. Bibi, aliyependa kusikia, alinyoosha kidole akabonyeza. Sauti ya Shangazi ikajaa sebuleni.

“Kitinda mwanangu, kazi nzuri, hongera. Ila mbona mimi umeniweka nyuma? Bomu limelipuka, wengine wote wanaonekana, mimi nimefunikwa na goti la mtu! Nivute mbele kidogo. Na gauni lile lilikuwa la bluu, si kijivu hicho ulicholipaka.”

Ikafuata ya Mjomba: “Mpwa wangu, mimi sina neno. Ila huyo shemeji yangu umemweka mbali na bomu, mimi umenibandika karibu kabisa. Ndivyo unavyotuona?”

“Mnasikia?” Mama alisema. “Mtoto anazungumzia mwisho wa dunia, wao wanagombea viti.”

Kitinda alishindwa kujizuia, akacheka, na kwa sekunde tatu ugomvi ulisimama. Mama aliutumia mwanya huo kusogea karibu na ubao. Akainama. Jicho la kazi likamshika.

“Na huyu wa kushoto umembandika kinyume. Moyo umehamia kulia.”

“Mama, nani atajua?”

“Mimi nitajua. Kila daktari atakayepita pale atajua. Watasema mama yake yuko eksirei na hajui kushoto.” Kidole kilishuka mpaka chini, mahali ambapo shina la wingu lilianzia, mbele ya magoti ya baba yake. “Na hiki nini?”

“Jiwe.”

“Ni kiazi.”

“Ni jiwe, Mama. Nimelipaka njano.”

“Ni kiazi. Kimechipua, tazama. Umekitoa kwenye jarida la mapishi.”

“Nilitafuta kila mahali! Hakuna jiwe linalofanana na lile alilosimulia Bibi. Nifanyeje? Picha ya lile lenyewe hakuna.”

Mama aligeuka akautazama mlango.

Jiwe lile lilikuwa limekaa kwenye mlango huu wa mbele zaidi ya miaka ishirini. Baba yake alikuwa amefanya kazi ya kupakia mizigo kwenye mgodi, miaka minne, kabla Mama hajazaliwa. Waliambiwa mawe yale yanakwenda kutia rangi vyombo vya kioo. Alipoacha kazi alijichukulia moja, kubwa kama mkate, jeusi lenye mishipa ya njano, akalitumia kushikia mlango usibamizwe na upepo. Watoto walilikalia. Paka alililalia. Mwezi mmoja baada ya stashahada, Mama aliazima kipima mionzi cha hospitali aje amringishie baba yake elimu aliyomsomeshea. Alipofika tu mlangoni, kile chombo kikaanza kulia tii-tii-tii-tii.

“Kina panzi humo?” baba yake aliuliza.

Wakaja watu wawili wenye glavu na sanduku zito la madini ya risasi, wakalichukua. Wakapima na nyumba, wakasema hakuna hatari, msiwe na wasiwasi. Bibi aliwapikia chai. Mzee alikasirika kuchukuliwa jiwe lake. Baadaye akasoma, akauliza watu, akajua urani iliyokuwa ndani ya jiwe lile ni nini, na kwamba ndiyo inayotengenezewa mabomu. Jioni moja akamwita bintiye akamuuliza, taratibu, kama anayeuliza habari za shule: “Yale mengine niliyoyapakia yalikwenda wapi?”

Yeye Vutapumzi, asiyewahi kumwambia mgonjwa kwamba haitauma wakati itauma, alijibu: “Kwenye vioo, Baba. Vyombo vya rangi.” Mzee akaitikia kwa kichwa, hakuuliza tena. Alifariki miaka sita baadaye, kwa kifua, na hakuna daktari aliyeweza kusema kama ni vumbi la mgodi au kiko chake.

Kwa hiyo Mama hakuweza kumwona pale katikati. Tangu alipouona ubao, alikuwa akiwasikia watu wa maonyesho masikioni: huyu ndiye mwenye bomu. Mtu aliyekuwa anamkimbiza kuku kwa kumwomba radhi.

“Watasema ni yeye aliyelileta,” alisema hatimaye, na sauti ilikuwa imeshuka. “Wewe unajua kwamba hakujua. Mimi najua. Wao watamwona mzee anacheka na bomu mgongoni.”

“Ndiyo maana nilitaka jiwe,” Kitinda alisema. “Waone alikuwa anashikia nalo mlango. Bila jiwe ni kweli, haieleweki. Lakini jiwe sina.”

“Mimi kinachonikera ni viatu,” Bibi aliingilia.

Wote wakamgeukia.

“Mume wangu siku ile alivaa viatu vipya. Nilivichagua mimi, vya kahawia, vya kamba. Mtoto amekata miguu, viatu vimekwenda. Halafu vilimbana maskini. Hakutaka kusema, akavumilia mpaka mpiga picha anahesabu moja, mbili, ndipo akainua mguu mmoja akauweka juu ya jiwe upumzike. Nikamkanya, teremsha mguu, unaharibu picha. Kumbe wapi, tayari alishapiga.”

Mama alifungua kinywa. Aliiona picha yote, vile ilivyokaa ukutani miaka yote ile: joho, mkono wa baba yake begani, mlango nyuma yao uko wazi. Na chini, pembeni ya pindo la joho, kiatu kimoja cha kahawia kimekanyaga kitu cheusi. Alikuwa amekipangusa vumbi kila Jumamosi.

“Lipo,” alisema. “Jiwe lipo kwenye picha. Umelikata pamoja na miguu.”

Kitinda alimtumbulia macho. Alikuwa amezikata sura za watu, mabega, mikono, kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji, na alikuwa amekagua kila uso. Chini ya magoti hakutazama. Pale palikuwa pa kuziba na wingu.

“Vipande umeweka wapi?”

“Vilivyobaki? Nili… Mama usikasirike.”

“Nimeshakasirika tangu saa nne. Viko wapi?”

“Kwenye viota vya kuku.”

Mama alitoka mbio na sare yake. Upepo ukaukamata mlango nyuma yake ukaubamiza, kama ulivyozoea tangu jiwe liondoke. Walikuwa wamejaribu tofali, ndoo ya mchanga na dumu la mafuta, na hakuna kilichowahi kuushinda. Kitinda akaufungua, akafuata. Bafuni kitasa kilicheza, Baba akatoa kichwa.

“Wamemaliza?”

“Wameenda kwa kuku,” Bibi alisema. “Rudi tu.”

Banda lilikuwa na joto na mwanga mwingi. Mama alipiga magoti, akaingiza kichwa na mabega, na kutoka humo ndani ikaanza kusikika sauti ya kiserikali.

“Kiota cha kwanza: karatasi nne. Ukuta, ukuta, mti, kiwiko cha Mjomba. Shika. Cha pili: hakuna kitu, yai. Shika yai. Cha tatu kuna mtu amelala.”

“Huyo wa madoa hataki kusogezwa, Mama. Anadonoa.”

“Na mimi nadonoa. Samahani bibie, umekalia baba yangu.”

Zogo, manyoya, neno moja ambalo Mama hakuwahi kulitumia mbele ya watoto. Kisha akatoka kinyumenyume, nywele zimejaa majani, kidole kinavuja damu kidogo. Mkononi alikuwa na kipande kisichozidi kiganja. Alikipuliza, akakipangusa na pindo la sare.

Viatu viwili vya kahawia, vya kamba. Kimoja chini. Kingine juu ya jiwe jeusi lenye mishipa ya njano, linashikia mlango.

Kitinda alijiziba mdomo kwa kiganja.

“Saa ngapi?” Mama aliuliza.

“Saa tano kasoro kumi.”

“Twende.”

Ndani alinawa mikono kama anayeingia kwa mgonjwa, akauchukua mkasi wake wa kukatia bendeji. Alibandua kiazi kwa ncha ya kucha, akampa Bibi ashike. Akapima kipande magotini pa baba yake mara mbili, bila kugusa. Kilikaa. Wingu sasa lingeanzia kwenye jiwe, chini ya kiatu chake, na yeye angeonekana kama alivyokuwa: mtu aliyebanwa na viatu, anapumzisha mguu juu ya kitu asichokijua.

“Aliniuliza mawe yalikwenda wapi,” alisema, macho kwenye ubao. “Nilimdanganya. Nilimwambia vioo.”

Kitinda alimgeukia. “Alikuamini?”

“Sidhani. Alikuwa mpole tu.” Akanyoosha mkono. “Basi leo ajibiwe. Lete gundi.”

“Mama, ukishabandika hakitoki tena. Gundi hii ya picha haibanduki, si kama ile ya kiazi na filamu.”

“Najua. Lete.”

Akapaka kwa kidole, nyembamba, mpaka pembeni. Akabandika. Akakandamiza kwa kiganja akihesabu kimoyomoyo, kama anavyohesabu chumba cha eksirei taa nyekundu ikiwaka. Alipoinua mkono, baba yake alikuwa na miguu.

“Na huyu wa kushoto tumgeuze.”

“Mama! Gari!”

“Dakika moja. Moyo wa mtu haukai popote tu.”

Honi ililia nje. Filamu iligeuzwa, moyo ukarudi kwake. Bibi aliinua uso kutoka kwenye kiti, akafinya macho, akasema kwamba viatu vimetoka vizuri, na kwamba angejua vitakwenda maonyesho angevipaka rangi. Baba alitoka bafuni amekauka kama alivyoingia, akashika upande mmoja wa ubao bila kuulizwa, mtu anayejua saa yake ya kufika. Kitinda akashika mwingine. Simu mezani ikaanza sauti nyingine ya Shangazi, kuhusu goti.

“Dereva anasema ana safari tatu,” Kitinda alihema. “Mlango utatubamiza, Mama, tutakwaruza!”

Mama alitangulia. Aliufungua mlango mpaka mwisho, akageuka, akauwekea mguu.

“Vuta pumzi,” aliwaambia. “Shikilia. Msiinamishe, gundi haijakauka.”

Wakapita, Baba amejikunja, Kitinda ameuma ulimi, ndugu ishirini na watatu wanatabasamu ubavuni kwao. Dereva alishuka, akautazama ubao kutoka juu mpaka chini, akaishia kwenye jiwe.

“Huyu mzee nani?”

“Babu yake huyu,” Mama alijibu kutoka mlangoni. “Baba yangu mimi. Alikuwa hajui ni nini. Kila atakayekuuliza huko, mwambie hivyo hivyo.”

Wakaufunga ubao kwa kamba, Kitinda akarukia mbele kando ya dereva, gari likaondoka. Mama akautoa mguu, na mlango ukajibamiza nyuma yake. Ndani Bibi akaanza kulalamika kuhusu mchele.

Mama akaingia, akachukua kwa Bibi kile kiazi cha karatasi, akaenda kukiweka kwenye kiota cha tatu, mahali pa kipande alichomnyang’anya kuku wa madoa.